Usimfukuze utingo kabla hujang'oa kapeti

Wapo wanaume wazima katika nchi hii wanaoendesha pikapu na kandambili msimu mzima wa mvua, na ukiwauliza kulikoni watakwambia ni joto. Joto gani, bwana? Ni maji! Fungua mlango wa abiria uone: kidimbwi. Kapeti likikanyagwa linalia chwa, chwa, chwa, na harufu inayotoka humo utadhani timu nzima ya mpira imevulia soksi chini ya kiti. Mwenye gari wala hana habari. "Ah, mvua tu hiyo, jua likiwaka litakauka." Anatandika gunia, anampakia abiria, safari inaendelea.

Leo tuyaongee hayo maji, maana msimu wa mvua uliopita nusura yamponze kijana asiye na kosa, tena ndani ya ukoo wangu mwenyewe.

Shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mkubwa, anaishi Kilwa Masoko. Ana Hilux ya miaka ya tisini, kebini moja, dizeli, rangi ilikuwa nyeupe. Alfajiri anabeba samaki Kivinje au hapo hapo Masoko, anawapeleka Nangurukuru ambako magari ya Dar es Salaam na ya Lindi yanapita. Msimu wa ufuta ukiwadia anaingia vijijini kukodishwa. Kwa kifupi, pikapu hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo unga, ndiyo kila kitu. Na pikapu hiyo ikawa inalala kavu, inaamka imelowa.

Nyie mliozaliwa Dar mnajua vuli na masika. Kule Kusini, Lindi na Mtwara, mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukiwa na gari linalovuja si suala la wiki mbili tatu. Ni nusu mwaka unakaa na kisima ndani ya kebini.

Sasa utingo. Ni kijana wa hapo hapo Kilwa, miaka kama 20 hivi, mpole, mchapakazi, na usiku analala ndani ya gari kulilinda. Kila ikinyesha, asubuhi shemeji anafungua mlango, anakuta maji upande wa kushoto, basi ni hukumu bila kesi. "Huyu dogo anashusha kioo usiku, anapiga soga na mabinti." Kijana anaapa kwa Mungu hajashusha kioo. Haaminiki. Kila asubuhi ya maji anakatwa shilingi 2,000 kwenye posho yake. Nilipofika kuwasalimia alikuwa ameshakatwa asubuhi 11, na shemeji ameshaanza kuulizia utingo mwingine.

Dada yangu hakukubaliana na hukumu ile. "Baba watoto," alisema, "huyo kijana akishusha kioo si ataanza kulowa yeye? Mbona yeye anaamka mkavu?"

Swali zuri, lakini mwenye kujibu alikuwa amekwisha kutoka.

Nikamfuata kijana nje. Alikuwa anafua maji kwa kopo la rangi, kama yupo kwenye mashua. Nikamuuliza anavyoona yeye. Akanitazama kwa wasiwasi, si unajua mtu aliyezoea kugombezwa. "Kaka, mimi nashangaa kitu kimoja. Juzi tumetoka Lindi na mvua njia nzima, zaidi ya saa tatu, gari kavu kabisa. Tukalala hapa, mvua ya saa moja tu, asubuhi bwawa."

Hapo hapo nikajua kesi imekwisha. Gari linalovuja raba ya mlango au kioo lingelowa zaidi barabarani, ambako upepo unayasukuma maji kwa nguvu. Hili linalowa likisimama. Nikauliza huwa linasimama wapi. Hapa hapa, chini ya mkungu, ili lisipigwe jua. Nikainama kutazama: uwanja una mteremko, gari limelala kushoto. Na juu ya boneti, majani ya mkungu, yale mapana mekundu, yamejaa tele.

Ngoja nieleze, maana hii ndiyo sehemu ambayo wenye magari wengi hawaijui. Kati ya boneti na kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, pana sahani yenye matundu. Chini ya sahani ile kuna mfereji. Maji yote ya kioo cha mbele yanaangukia humo, yanakimbilia pembeni, yanatokea kwenye vitundu nyuma ya magurudumu ya mbele. Lakini mfereji huo huo ndio unaovuta hewa ya kuingia ndani ya gari, ile inayopulizwa na feni ya dashibodi. Tundu la hewa lina ukuta mdogo kulizunguka ili maji yasiingie. Majani yakioza humo yanakuwa tope, tope linaziba vitundu, maji yanapanda kama kwenye karo lililoziba, yakishauvuka ule ukuta yanaingia kwenye feni na kumwagikia miguuni kwa abiria. Magari yetu ya usukani wa kulia huwa na feni upande wa kushoto. Gari likilala kushoto, ndiyo kabisa.

Nikamwita shemeji. Akaja akiwa ameshakunja sura. "Shemeji, usinambie umeanza kumtetea huyo." Nikamwambia sitetei mtu, naomba ndoo mbili za maji na nusu saa.

Tukafunga vioo vyote, yeye mwenyewe akahakikisha. Utingo tukamsimamisha mbali kabisa, asije akasingiziwa tena. Nikamimina maji taratibu pale chini ya waipa. Ndoo ya kwanza, kimya. Ndoo ya pili haijafika nusu, shemeji aliyekuwa ndani na tochi ya simu akatoa sauti. Maji yanatiririka kutoka chini ya dashibodi, mahali ambapo hata mchawi asingeweza kushusha kioo.

Hakusema kitu. Akashuka, akaenda kukaa kibarazani.

Kazi yenyewe ya kuzibua haikuchukua hata asubuhi nzima. Unang'oa mikono ya waipa, unafungua skrubu za ile sahani, halafu unashangaa. Sisi tulitoa majani ya mkungu yaliyooza yakawa mbolea, mbegu mbili za kungu, na mche uliokuwa umeshaota vizuri tu. Nakwambia, gari lilikuwa linalima! Ukishachota tope kwa mkono, chukua waya laini upitishe kwenye vitundu vya pembeni, kisha mpira wa maji mpaka uone maji yanashuka kwa nguvu nyuma ya gurudumu. Usitumie nondo wala waya mgumu, utatoboa bati. Feni nayo inatolewa kwa skrubu chache chini ya dashibodi; ya kwetu ilikuwa na majani mpaka ndani, na ndiyo sababu ilikuwa inaguna kama mgonjwa wa pumu.

Ungekuwa ni mwisho wa hadithi ningewaacha hapa tukaongelea mambo ya mapenzi. Lakini tulipong'oa kapeti kulianika, tukakuta upande wa dereva nako kuna unyevu. Kidogo tu, lakini upo. Kumbe pikapu ilikuwa na magonjwa mawili, na lile kubwa lilikuwa linalificha dogo.

Na hapa ndipo nilipopata somo kutoka kwa mzee mmoja jirani, fundi wa majahazi, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu. Tulimpa shikamoo yake, akaitikia, akakaa juu ya ndoo. Shemeji alikuwa anaonyesha sehemu iliyolowa karibu na klachi, anasema maji yanaingilia hapo. Mzee akacheka. Akasema kwenye jahazi maji unayaona chini siku zote, kwa sababu maji kazi yake ni kwenda chini. Sasa ukienda kutia kalafati pale unapoyaona, utakalafati mpaka uzeeke na chombo kitazama. Unafuata ubao, alisema, unapanda nao kwa kidole mpaka ukutane na pakavu. Hapo palipoachana ndipo.

Kwa wasiojua, kalafati ni ile pamba iliyolowekwa mafuta ambayo mafundi wa vyombo wanaigongomea kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Pwani ile wamekuwa wakiifanya kazi hiyo tangu kabla Hilux haijawahi kuota. Sijui kwa nini mafundi wetu wa magari hawawasikilizi.

Basi tukafuata ubao. Kwenye gari "ubao" ni bati, na ili ulione lazima uvue nguo za gari: kapeti, zile plastiki za kwenye kizingiti, na plastiki inayofunika nguzo ya kioo cha mbele. Bila kuvua utabaki kubahatisha. Ukishavua, futa kila kitu kikauke kabisa, halafu paka unga. Sitanii. Poda ya mtoto au chaki iliyosagwa, unainyunyiza kwenye bati na pembezoni mwa raba. Tone likipita linaacha mstari. Mstari haudanganyi.

Halafu maji ya kujaribia. Hapa watu wengi wanaboronga, kwa hiyo sikiliza vizuri. Usichukue mpira wa maji ukaoga gari zima kuanzia juu, utalowesha kila mahali na hutajua limeingilia wapi. Anza chini, panda juu. Miminia chini ya mlango kwanza, dakika tano, mtu wa ndani anaangalia na tochi. Kavu? Panda kwenye raba ya mlango. Kavu? Panda kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, kisha kona ya juu, kisha mfereji wa paa. Maji yawe ya kawaida, ya kutiririka. Ile mashine ya kuoshea magari yenye presha kali inapitisha maji hata kwenye raba nzima, halafu unaanza kutibu ugonjwa ambao gari halina.

Sisi tulifika kona ya juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Dakika moja haikuisha. Mstari ukachora kwenye poda, kutoka juu, unashuka na nguzo, unaingia nyuma ya dashibodi, unapita karibu kabisa na boksi la fyuzi, unaishia kwenye klachi. Futi nne nzima toka lilipoingilia mpaka linapoonekana!

Shemeji akapiga kelele. "Lakini hapo si nilishapaka silikoni? Mara mbili!"

Ndiyo, alipaka. Kwa usahihi, fundi mmoja alimpaka, jina tunalisitiri, akachukua hela yake akaenda zake. Ile silikoni ilikuwa imejazwa juu ya raba ya kioo kama mtu aliyepaka siagi kwenye andazi. Nikaibandua kwa kucha. Chini yake, kutu. Si kutu ya kukwangua, bali kutu ya kula. Ukibonyeza na bisibisi inazama.

Jamani, silikoni. Nataka niiongelee kwa sababu imekuwa kama panadoli, kila ugonjwa inapakwa. Kwanza, zile za bei rahisi zinazonuka siki wakati zinakauka zinatoa asidi, na asidi ile ikigusa bati lisilo na rangi inaanzisha kutu. Kwa hiyo unapaka dawa inayoleta ugonjwa. Pili, ukipaka juu ya raba kwa nje wakati kwa ndani pana mwanya, maji yatapata tu pa kuingilia kwingine, ila sasa hayana pa kutokea. Yanakaa humo, yanakula bati polepole, tena kwa raha zao, kwa sababu umewafungia mlango. Tatu, siku ukitaka kurekebisha kwa haki, rangi wala gundi ya maana haishiki palipopita silikoni mpaka usugue kweli kweli.

Sasa ongeza chumvi. Gari la Kilwa lina bahati mbaya mara tatu: linapumua upepo wa bahari, linabeba samaki na barafu inayoyeyuka na maji ya chumvi, na utingo anapanda na miguu iliyotoka kuwapokea wavuvi. Maji ya mvua peke yake ni mpole. Maji ya mvua yakikutana na chumvi iliyokaa kwenye kapeti, sakafu haina muda mrefu.

Dawa yake ni moja tu: kioo kinatoka. Pikapu za zamani kama ile, kioo cha mbele hakikubandikwa, kimekaa ndani ya raba. Fundi wa vioo anayejua kazi anakitoa kizima. Kutu inakwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati lionekane linang'aa, palipotoboka panachomelewa kiraka, panapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, na panaachwa pakauke. Hapo kwenye kukauka ndipo mafundi wanapokimbilia. Usikubali, hata kama unapoteza siku ya kazi. Raba iwe mpya. Ya zamani ikishakakamaa ni kama ngozi ya ngoma, hairudi.

Kurudisha kioo ni raha kutazama. Raba inavishwa kwenye kioo, kwenye mfereji wake inapitishwa kamba kuzunguka mzunguko mzima, ncha mbili zinaning'inia ndani. Inapakwa maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo kwa nje, mwingine akiwa ndani anavuta kamba taratibu, na midomo ya raba inavuka bati kidogo kidogo mpaka kioo kinakaa. Nani alivuta kamba? Utingo. Shemeji mwenyewe alimwita.

Pikapu za miaka ya karibuni kioo kimebandikwa kwa gundi maalumu, na huko usijaribu mambo ya kamba na sabuni. Nenda kwa wenye kazi yao, na uwaulize gundi inahitaji saa ngapi kabla gari halijatembea. Kioo kile kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, kwa hiyo si suala la maji peke yake.

Hizo za karibuni zina tundu lingine ambalo za zamani nyingi hazikuwa nalo: taa ya breki ya juu, ile iliyo nyuma ya kebini juu ya kioo cha nyuma. Wamarekani waliilazimisha kwenye magari madogo tangu modeli za 1986, na kwenye pikapu tangu modeli za 1994, na kama ilivyo kawaida dunia ikafuata. Ni kitu kizuri, anayekufuata anaiona. Lakini ili uiweke lazima utoboe tundu nyuma ya kebini, na tundu lile limezibwa na kiraba chembamba ambacho jua letu linakikausha kama mkate wa juzi. Kikikauka, maji yanashuka ndani ya ukuta wa nyuma, yanatokea chini ya kiti. Ukiona nyuma ya kiti kumelowa na mbele kukavu, usisumbuke na kioo cha mbele, panda nyuma ufungue skrubu mbili za ile taa. Kioo cha nyuma cha kusogeza nacho ni mtuhumiwa, kina mfereji wenye vitundu vinavyoziba vumbi.

Na milango? Nataka nikuambie jambo utakalobisha. Mlango wa gari umetengenezwa uingie maji. Ndiyo! Maji yanashuka na kioo cha dirisha, yanaingia tumboni mwa mlango, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Fungua na ufunge mlango wako baada ya mvua. Ukisikia chubwi, chubwi, ujue vitundu vimeziba tope, na mlango wako unaoza kutokea ndani. Chokoa kwa kijiti. Halafu nyuma ya ile plastiki ya mlango kuna nailoni imebandikwa, kazi yake ni kuyarudisha maji tumboni yasiingie kwa abiria. Kila fundi anayetengeneza kitasa au dirisha huichana nailoni hiyo na kuitupa, kwa sababu anaiona kama takataka ya kiwandani. Mwambie airudishe. Kama ameshaitupa, nailoni nzito ya kufunikia mchanga inatosha, ibandike vizuri pande zote, na ncha ya chini ichomekwe ndani ya mlango, si nje.

Raba ya mlango unaipima kwa karatasi ya gazeti (si hili, tafuta lingine). Fungia karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kubisha, hapo raba imechoka au mlango umekaa upande. Zunguka mlango wote.

Sasa kuna mabingwa watakaosema, yote hayo ya nini, toboa sakafu maji yatoke. Nimewaona, wanatoboa kwa drili na wanajisifu. Kwanza sakafu ya gari ina vizibo vya raba tangu kiwandani. Ukitaka kumwaga maji chomoa kizibo, ukimaliza rudisha. Pili, tundu la drili halina rangi ukingoni, kutu inaanzia hapo, na barabara ya vumbi itakuletea ndani kila kilichokosa pa kwenda. Tatu, maji yanatoka lakini hujayazuia kuingia.

Tulianika kapeti siku nne juu ya kamba. Chini ya kapeti kuna sponji nene, na sponji ile ndiyo mwenye nyumba wa harufu yote. Juu inaonekana kavu, ukiikamua inatoka nusu ndoo. Ya shemeji tuliitupa. Sakafu tukaisuuza kwa maji baridi kuondoa chumvi, tukaikausha, tukakwangua, tukapaka rangi. Mpaka leo gari halina kapeti, lina mkeka wa raba unaotoka na kuoshwa, na kwa gari la samaki naona ndiyo akili.

Halafu umeme. Nimesema yale maji yalikuwa yanapita karibu na boksi la fyuzi. Kumbe kwa miezi miwili honi ilikuwa inalia yenyewe usiku wa manane, mara moja, piii, halafu kimya. Mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake. Kilwa ni mji wa zamani, na wenyeji wana majini wao wenye heshima zao. Jirani mmoja alishashauri gari lifukiziwe ubani. Ilikuwa waya imelowa. Tulifungua viungio, vilikuwa na ukungu wa kijani, tukasafisha kwa brashi, tukakausha. Honi ikanyamaza, na ubani ukabaki wa kufukizia nyumba.

Nacheka lakini si mchezo. Unyevu ndani ya kebini unafunga vioo kwa ukungu, na barabara ya Nangurukuru kwenda Lindi usiku, na mvua, na watu wanaotembea pembeni bila taa, ukiwa unafuta kioo kwa kiganja huku unaendesha, mimi sitaki kuwa kwenye gari hilo. Kwa gari za sasa ni mbaya zaidi, maana zile kompyuta ndogo, kontroboksi kama wanavyoziita mafundi, mara nyingi zimefichwa pembeni miguuni au chini ya dashibodi. Zikinywa maji unaweza kulipa bei ya injini.

Nyie mnaojikusanya mnunue pikapu ya kwanza, na najua mpo wengi, neno moja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani hii, barabara kuu ya Kusini ilikatika upande wa Kilwa, magari yakakaa foleni kwa siku. Januari 2020 kabla ya hapo mafuriko yaliingia vijiji vya Kilwa na watu walipoteza maisha. Dar nako mnakujua. Gari lililooga mafuriko haliandikwi usoni. Linapigwa sabuni, linapuliziwa marashi ya gari, dalali anakwambia la mama mmoja wa kanisani. Wewe vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, uone kama ule mwisho usiovutwaga una mstari wa tope. Angalia reli za viti chini, kama skrubu zina kutu wakati gari ni "mpya". Inua kona ya kapeti, ingiza mkono, nusa mkono. Dalali akinuna, mwache anune.

Shemeji alirudisha posho. Si zote. Alirudisha ya asubuhi tisa, kwa hoja kwamba asubuhi mbili yeye mwenyewe alikuta kioo kimeshushwa inchi moja. Kijana anasema alishusha ili apumue, kwa sababu harufu ya kapeti ilikuwa inamuua. Dada yangu yupo upande wa kijana. Shilingi 4,000 hizo bado zinazungumzwa.

Nafasi imenibana, lakini kuna msomaji wa Lindi mjini aliyeuliza swali linaloingia hapa hapa: pikapu yake inalowa upande wa abiria siku za jua kali, mvua hakuna, anaendesha na kiyoyozi. Ndugu yangu, hiyo si mvua. Kiyoyozi kikifanya kazi kinatoa jasho, na jasho lake lina kibomba kinachotokea chini ya gari. Kikiziba, jasho linarudi ndani. Onja kwa vidole kwanza: kama maji yanateleza kama mafuta, yana rangi, na kioo kinafunga ukungu wenye utelezi, hayo yanatoka kwenye rejeta ndogo ya joto iliyo ndani ya dashibodi, wahi kwa fundi kabla injini haijachemka. Kama ni maji safi ya baridi, tafuta kile kibomba chini, upande wa abiria, kizibue kwa waya laini au ukipulize kwa pampu ya baiskeli, polepole. Halafu washa kiyoyozi dakika kumi gari likiwa limesimama. Ukiona matone yanadondoka chini, mchangani, umepona.